Mtwa Bila Cheti

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Nimekasirika tangu asubuhi na sioni dalili ya kupoa.

Tangazo limebandikwa chuoni, kwenye ubao ulio karibu na mlango wa kantini. Shirika moja kutoka Ulaya linatoa buruse, yaani ufadhili wa ada, kwa wanafunzi wa vyuo walio "watu wa asili". Kwa hapa Rwanda, tangazo linafafanua, maana yake ni Watwa. Eti mwaka huu ni mwaka wa watu wa asili duniani kote. Ulitangazwa tangu Januari. Sasa ni Septemba! Hakuna aliyefikiria kuniarifu.

Maana mimi ni Mtwa. Naliandika neno hilo hapa, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili cha wenzangu wa chuo kinaishia sokoni. Hawawezi kusoma ukurasa mzima. Mimi nimekichota kwa Mama Swafiya, fundi cherehani ninayepanga chumba nyuma ya duka lake hapa Gitega.

Mwaka wa pili wa uhasibu! Mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka mlango wa chuo! Padri aliyekuwa akinilipia ada amekwenda kwao kutibiwa goti. Goti halijapona. Ada haijalipwa. Mwezi ukiisha hivi, nafukuzwa. Kwa sababu ya goti la mtu mwingine!

Kwa hiyo buruse hii ni yangu. Tatizo ni kwamba chuoni hakuna anayejua mimi ni nani. Niliwaambia familia yetu inafanya biashara ya vyombo. Si uongo. Mama anafinyanga vyungu huko Rebero na anaviuza. Hiyo ni biashara, na vile ni vyombo.

Aimable alilisoma tangazo kwa sauti mbele ya kantini nzima. Aimable ni mtoto wa mwenye lori, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope, na tunakaa dawati moja. Alisema Mtwa ukimpa kitabu atakitumia kuwashia moto wa kuchomea vyungu. Watu walicheka. Nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote, kwa usalama.

Mpango wangu: kuchukua buruse ya Watwa bila kiumbe yeyote kujua kwamba nimeichukua. Naanza keshokutwa.

Jumatano, 8 Septemba

Fedheha! Na zaidi ya fedheha, koti.

Nilijiandaa vizuri. Miwani myeusi. Koti la kijivu, nililolitoa kwenye henga za Mama Swafiya alipokwenda kununua uzi. Ni la mteja wake, lakini mteja haji mpaka Jumamosi, na koti lililoning'inia bure halimsaidii mtu. Nilipanda hadi mjini nikipita njia za nyuma.

Ofisi ya shirika iko ghorofani, mkabala na daktari wa meno. Hilo hawakuliandika kwenye tangazo. Ukumbi ulijaa watu walioshika mashavu. Sekretari wa shirika anaitwa Xavérine. Ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Nilimnong'oneza shida yangu. Akasimama, akasema mbele ya meno yote ya Kigali: wewe wa buruse ya Watwa, kaa pale!

Mashavu yote yakageuka.

Kisha akataka kitambulisho. Nikampa. Akakisoma, akanitazama, akakisoma tena. Kitambulisho changu kinasema mimi ni Mhutu. Nilimweleza kwa utulivu kwamba hiyo ni kazi ya marehemu Baba. Nilipokuwa mdogo alimpelekea karani wa komini, yaani wilaya yetu, mbuzi ili niandikwe kabila jingine, nipate kusoma kwa amani. Xavérine akasema kila anayeingia humo siku hizi ana hadithi ya mbuzi. Akasema hajawahi kuona nchi ambayo watu wamegeuka Watwa kwa haraka namna hii. Akanipima kwa macho toka kichwani hadi miguuni na kusema, isitoshe, mimi ni mrefu mno kwa Mtwa.

Mrefu! Je, nipunguzwe?

Alitaka cheti kutoka komini kinachothibitisha kwamba mimi ni Mtwa. Niliondoka kwa hasira na kwa heshima, lakini mkono wa koti ulinasa kwenye kitasa. Ulikuwa umeshikizwa kwa uzi wa muda tu. Heshima ilitoka nami nje. Mkono wa koti ulibaki.

Mama Swafiya amesema nitakaa kwenye cherehani mpaka mkono urudi mahali pake. Sijui kushona. Hilo halikumgusa.

Ijumaa, 10 Septemba

Komini. Karani ni yuleyule! Amezeeka, amenenepa, na amenitambua kabla sijafungua mdomo. Aliniita mtoto wa mfinyanzi na kuniuliza hali ya Mama.

Nikafurahi. Nikasema basi mzee wangu, kwa kuwa unanijua, niandikie cheti kwamba mimi ni Mtwa.

Akafunga dirisha. Halafu akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hawezi. Akiandika kwamba mimi ni Mtwa, atakuwa ameandika pia kwamba mwanzoni alidanganya. Je, nataka afukuzwe kazi akiwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu? Tena, akasema, watu wakija kwake wanakuja ili watolewe huko. Hajapata kuona anayetaka kurudishwa. Hajui hata aanzie wapi.

Nikasema lakini unajua! Akasema anajua. Nikasema komini nzima inajua! Akasema ni kweli, inajua. Nikasema basi andika. Akasema kujua ni jambo moja na mhuri ni jambo jingine, akanipa ndizi mbivu nimpelekee Mama.

Ndizi nimeila njiani. Nilikuwa na hasira.

Jumanne, 14 Septemba

Siamini ninachokiandika.

Aimable alinikaribisha pombe ya ndizi Kimisagara, kwenye kibanda nyuma ya karakana za mafundi bati. Nikajua ana shida. Aimable hakaribishi mtu bure. Kibuyu kililetwa na mrija mmoja, kama kawaida ya marafiki. Alinyonya, akapangusa mrija kwa vidole, akanipa. Kisha akasogea na kuniambia ana siri.

Anaomba buruse ya Watwa!

Aimable! Mwenye viatu! Baba yake ana lori! Nilimuuliza atafanyaje, nikijaribu kuficha jinsi sauti yangu ilivyopanda. Akatoa cheti mfukoni. Cha komini. Chenye mhuri mbichi kabisa. Kinasema Aimable Bayingana ni Mtwa tangu kuzaliwa. Baba yake alizungumza na mtu.

Mtwa halisi hana karatasi, na asiye Mtwa anayo! Nilitaka kukipiga kibuyu teke, lakini kilikuwa cha wenyewe.

Akasema amebakiza tatizo moja. Ijumaa ataonana na mkubwa wa shirika, Madamu Ingrid. Hajui Watwa wanaishije. Kwa kuwa sisi tunauza vyombo, lazima nimewaona kwa karibu. Nimfundishe. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba jambo moja tu analijua: mtu hanywi mrija aliokwisha kunyonya Mtwa. Akaninyoshea mrija.

Nikanyonya. Nilinyonya mpaka kibuyu kikalia.

Halafu nikamfundisha. Nilimwambia Mtwa wa kweli hakai chini mbele ya chungu kabla hajakisalimu. Unainama, unaweka kiganja kwenye sikio la kulia, unasubiri chungu kikuruhusu. Hapo ndipo unakaa. Aimable alinukuu yote. Nikamwambia kwenye kuaga, unaondoka kinyumenyume. Alinukuu na hilo. Moyo wangu ulipata raha ambayo haujaipata tangu goti la Padri liharibike.

Akauliza apate wapi chungu kizuri cha kuonyesha. Nikamwambia apande Rebero amuulize Kanyange, hakuna anayefinyanga kama yeye nchi nzima. Sijui kwa nini nilimtaja. Lakini ni kweli. Hakuna.

Hakuuliza nimemjuaje. Nami sikusema kwamba Kanyange ni mama yangu.

Ijumaa, 17 Septemba

Haki imekufa na imezikwa ghorofani mkabala na daktari wa meno.

Nilifika mapema ili nimwone Aimable akiaibika. Xavérine alinikubalia nionane na Madamu hata bila cheti, kwa sababu alichoka kunitazama nikisimama mbele ya meza yake. Mlango haukufungwa vizuri. Niliona kila kitu.

Aimable aliingia. Juu ya meza ya Madamu Ingrid kulikuwa na chungu cha maua. Akainama. Akaweka kiganja kwenye sikio. Akasubiri. Nikauma shati langu nisicheke.

Madamu Ingrid akavua miwani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga! Ni mama mrefu, mwenye nywele nyeupe, aliyewahi kufanya kazi Dodoma na anazungumza Kiswahili polepole kama anayepanga matofali. Alimwomba Aimable arudie ili apige picha. Akamuuliza chungu kinajibu nini. Aimable akasema inategemea, Madamu. Madamu akaandika! Niliona kalamu ikitembea! Alipotoka kinyumenyume, akijigonga kwenye kabati, yule mama aliweka mkono kifuani.

Zamu yangu. Niliingia, nikakaa.

Madamu alikitazama chungu. Akanitazama mimi. Akauliza kwa upole kama sijasahau kitu.

Nilisema sijasahau kitu chochote. Nilisema hakuna desturi ya namna hiyo, haijawahi kuwapo, na yule kijana ni mwongo, baba yake ana lori. Madamu akainamisha kichwa upande mmoja. Akasema ameelezwa kwamba baadhi ya Watwa wa mjini huwakana ndugu zao na kuona haya mila zao, na kwamba yeye hanihukumu.

Hanihukumu! Kalamu tayari ilikuwa inaandika!

Nikaona buruse inaondoka. Basi nikasimama, nikainama mbele ya chungu cha maua, nikaweka kiganja kwenye sikio. Akauliza kwa huzuni kwa nini sikio la kushoto, ilhali mwenzangu ameweka la kulia.

Nilikosea salamu niliyoitunga mwenyewe!

Kilichoniokoa ni kelele. Nilipiga kelele kuhusu haki hadi mgonjwa mmoja wa meno akachungulia. Madamu amesema ili kuondoa shaka, Alhamisi ijayo atatutembelea sote wawili makwetu, pamoja na Xavérine, kwa gari la shirika. Atazungumza na wazazi.

Vizuri sana! Nina mzazi. Aimable ataonyesha nini, lori?

Jumapili, 19 Septemba

Leo ilikuwa nipande Rebero nikamweleze Mama kuhusu Alhamisi. Mvua ilinyesha asubuhi. Ilipokoma, njia ilikuwa na utelezi. Nina jozi moja ya viatu vya heshima. Isitoshe, jirani wa Aimable anaishi njia ya kwenda huko na angeweza kuniona nikiingia kwa wafinyanzi.

Nimemtuma muuza makaa anayeteremka kutoka upande ule. Nimemwambia amwambie Kanyange kwamba Alhamisi watakuja wageni wa mambo ya shule, asiende kuchimba udongo bondeni, na aseme kweli.

Mama Swafiya aliuliza mara ya mwisho nilimwona Mama lini. Nikasema si zamani. Akauliza kama ni kabla ya Idi au baada ya Idi. Nikasema sikumbuki, mimi si Mwislamu. Alikata uzi kwa meno na kusema watu wa ukoo wake wamezaliwa nchi hii tangu babu wa babu, na mpaka leo kuna wanaowauliza watarudi lini kwao pwani. Yeye hujibu kwamba kwao ni hapa, na mashine yake iko hapa. Hajawahi kuvaa koti la mtu mwingine ili ajibu swali hilo.

Ananisema kuhusu koti bado! Nilishaufuata ule mkono kule ghorofani na kuushona. Kwamba umekaa nyuma mbele si kosa langu.

Alhamisi, 23 Septemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Gari lilituchukua mjini, Madamu mbele, Xavérine nasi nyuma. Nilimuuliza Madamu tunaanza kwa nani. Akasema kwa bahati nzuri wote wawili tumeandika Rebero. Nikamgeukia Aimable. Alikuwa anatazama nje ya dirisha na kupiga mluzi.

Gari lilisimama pale njia inapoishia. Tukashuka kwa miguu, kilima kikituteremsha kuelekea bondeni. Aimable alitangulia. Alikata kona palepale ninapokata mimi. Akapita kwenye kijia kilekile. Akafika mbele ya nyumba ya Mama, yenye tanuru la nyasi uani na vyungu vibichi vikikauka kivulini, akasema: karibuni, hapa ndipo nilipozaliwa.

Nikapiga ukelele. Hapa ndipo nilipozaliwa MIMI!

Mama alitoka ndani, mikono ina udongo hadi viwiko. Amekonda. Sikujua kwamba amekonda. Madamu alimsalimu. Aimable, asiyetaka kupoteza nafasi, akaenda mbele ya chungu kikubwa kuliko vyote, akainama, akaweka kiganja kwenye sikio.

Mama akamtazama kwa wasiwasi.

"Kijana," akasema, "sikio linakuuma?"

Madamu akaeleza kwamba ni salamu ya chungu. Mama akauliza chungu husalimiwa wapi, na nani. Yeye anafinyanga tangu akiwa msichana na hakuna chungu kilichowahi kudai salamu. Madamu akafungua daftari lake, akalifunga, akamuuliza Aimable alijifunza wapi. Aimable akaninyoshea kidole. Xavérine alikaa chini kwenye nyasi, na sketi yake safi ile, akacheka mpaka akashika mbavu.

Madamu hakucheka. Uso ulimwiva. Akasema: "Mama, nisaidie. Kati ya hawa wawili, mwanao ni nani?"

Mama alipangusa mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. Alimwangalia Aimable kwanza.

"Huyu alikuja Jumapili," akasema. "Alikuja kwa miguu, kwenye utelezi. Alikaa hapo kwenye kigoda. Akaomba maji, nikampa kwa kata yangu, akanywa. Akaniambia anatafuta mama wa siku moja kwa ajili ya shule. Nikasema sawa. Wangu alipotelea hukohuko shuleni. Nikasema huyu naye asikose."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na huyu alimtuma muuza makaa."

Nikaanza kueleza habari za utelezi na viatu vyangu vya heshima.

"Kama ni wangu au si wangu," Mama akasema, "mwulizeni mwenyewe. Nasikia huko mjini ameshasema mengi. Mimi nami ningependa kusikia."

Majirani walikuwa wamesogea njiani. Kulikuwa na watu wanaorudi bondeni na madebe yao. Aimable alikuwa ananitazama, mdomo wazi, na niliona jinsi jambo lilivyokuwa likimwingia kidogo kidogo: vyombo, biashara, Kanyange. Mrija.

Ningeweza kusema nimepotea njia. Nilifikiria hilo. Naandika kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Nilifikiria kabisa.

Lakini Aimable, kwa mshangao, alijishusha na kukaa. Akakaa kwenye kigoda cha Baba. Kigoda ambacho Baba alikichonga mwenyewe, ambacho hata mimi sikuwahi kukikalia alipokuwa hai!

"Toka hapo!" nikapiga kelele. "Hicho ni cha baba yangu! Mimi ni Mutsinzi! Mwana wa Kanyange! Mimi ni Mtwa wa hapa, nimezaliwa ndani humu, na udongo wa lile bonde nimeubeba kichwani kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu! Toka!"

Nadhani walinisikia hadi ng'ambo. Mwenye madebe aliweka madebe chini.

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Basi," akamwambia Madamu. "Ndiye huyo. Kwa kelele hizo namtambua."

Alichota maji kwa ileile kata, akanipa. Nilikunywa yote bila kupumua. Kisha nikaona kwamba nalia, jambo ambalo lilinikasirisha sana, mbele ya Xavérine.

Nalalamika rasmi hapa kwamba mama yangu mzazi alimkubalia mtu mwingine awe mwanawe bila kunishauri.

Jumatatu, 27 Septemba

Nimepata buruse!

Madamu ameniita mwenyewe. Amesema ushahidi wa mama unamtosha kuliko mhuri. Ada yangu ya mwaka mzima italipwa moja kwa moja chuoni. Kisha akauliza, akitazama dirishani, kama ile salamu ya chungu haina ukweli hata kidogo, kwa kuwa ameshaipeleka Ulaya pamoja na picha. Nikasema hata kidogo. Akashusha pumzi. Karibu nimwambie labda zamani sana, kwa kumwonea huruma.

Xavérine aliniita kutoka mezani kwake, mbele ya foleni yote ya meno: hongera Mutsinzi wa Kanyange! Yule mwanamke hajui kunong'ona.

Chuoni wanajua. Aimable ana mdomo, na nilichokisema kule kilisikika hadi ng'ambo hata hivyo. Niliingia kantini na kelele zikapungua. Nilikaa kwenye meza yetu ya kila siku. Mmoja akakumbuka ana somo. Mwingine akavuta kikombe chake karibu na kifua, kama nimetaka kukiiba. Mwaka mzima tumekula pamoja! Mwaka mzima nimewanakilia majibu ya hesabu! Vikombe vyao nimevitumia vyote na hakuna aliyeota hata upele!

Niliwaambia hivyo. Kwa sauti. Havikurudi vikombe.

Aimable alikuja na chupa yake ya soda na kukaa mbele yangu. Akanywa nusu, akaisukuma chupa upande wangu. Nikamuuliza hii ni nini. Akasema ni soda, kwani naionaje? Nikamuuliza kama amesahau alichoniambia Kimisagara. Akasema hajasahau. Akasema tangu Jumapili ile anaiwaza ile kata ya maji, maana alikunywa kabla hajafikiri, kwa kiu ya kupanda na kushuka, na maji yalikuwa matamu, na hakikumpata chochote isipokuwa kiu kuisha. Kisha akasema kama sitaki soda nirudishe.

Nilikunywa. Akainywa iliyobaki bila kupangusa. Watu walikuwa wanatazama. Aimable akawauliza kama wao ni madaktari wa meno, hata watutazame midomo.

Bado sijamsamehe kuhusu kigoda.

Jumapili, 3 Oktoba

Nilipanda Rebero. Kwa miguu, mchana kweupe, na viatu vya heshima. Nilimsaidia Mama kukanda udongo na nikaharibu suruali. Aliuliza kama ada imelipwa. Nikasema imelipwa. Akauliza kama sasa nitatulia, nisome, niache kuhangaika na njia za mkato. Nikamwambia Mama, nimebadilika. Nikamwambia kuanzia leo ninalosema ndilo nililo.

Alifurahi. Alinipa viazi vitamu nibebe. Nilitembea kurudi Gitega nikijisikia mtu mzima.

Jumatatu, 4 Oktoba

Dhuluma!

Nimeisoma barua ya buruse kwa makini. Inalipa ada. Ada tu! Chumba je? Vitabu je? Mtu atakula ada? Atalala juu ya ada? Mama Swafiya amenikumbusha kodi ya chumba leo, na nilipomwonyesha barua alisema ni nzuri sana, niiweke kwenye fremu, kisha nilipe kodi. Wazungu wanakuhesabu kuwa mtu wa asili toka shingo kwenda juu, tumbo hawalitambui!

Lakini nimepita mbele ya ubao wa chuo jioni hii. Tangazo jipya, karatasi bado ina unyevu wa gundi. Masista wa shirika jingine wanatoa fedha za chakula na chumba kwa wanafunzi mayatima. Nimelisoma na kulirudia. Masharti ni mepesi. Hakuna kabila. Hakuna komini. Hakuna chungu. Wanachotaka tu ni kwamba mwombaji awe amefiwa na baba na mama.

Baba alishafariki. Kwa hiyo nusu ya masharti ninayo tayari, tena kihalali kabisa.

Jumapili napanda tena Rebero. Nitakwenda mwenyewe, safari hii simtumi muuza makaa. Ni jambo la kuzungumza uso kwa uso. Naamini Mama, nikimweleza vizuri, atakubali kuwa marehemu mpaka Juni.